Wanawake wa Jina Moja

Kuna watu wanaodhani kwamba kuandaa mswada wa utafiti kwa ajili ya jarida la tiba ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kunywa chai. Waje wakikalie hicho kiti changu. Jarida linataka muhtasari usiozidi urefu lililoupanga lenyewe, linataka majedwali yakae peke yake mwishoni, linataka kila mstari uwe na nambari, na ukiweka nukta mahali pa mkato kwenye marejeo, mtambo wao unakurudishia faili nzima kabla binadamu hajaitupia jicho. Mimi ni muuguzi. Siku moja nilionyesha kwamba naweza kuandika sentensi ikasimama, na tangu hapo madaktari wa hospitali yetu hapa Nyeri mjini wakanitwika miswada yao yote.

Nukta na mikato inaniudhi, lakini nimeizoea. Hasira ninayotaka kuisimulia ni nyingine, na haijaniisha.

Tulikuwa na utafiti kuhusu homa ya maziwa, ule ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na kumwingia mtu kupitia maziwa ambayo hayajachemshwa. Homa inakuja na kwenda, viungo vinauma, mgonjwa analoa jasho. Akienda zahanati anaambiwa ni malaria, akirudi anaambiwa ni taifodi, anameza dawa za zote mbili na kubaki vilevile. Huku Tetu karibu kila boma lina ng'ombe nyuma ya jiko, na maziwa lala yanatengenezwa kwa maziwa mabichi, kwa sababu wazee wanasema yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Tulitaka kujua jambo moja hasa: je, ugonjwa huu unawaharibia mimba wanawake wetu? Jibu likiwa ndiyo, kila mama mjamzito angepimwa siku ya kwanza anapokuja kliniki. Likiwa hapana, mambo yangebaki yalivyo.

Mimi ndiye niliyetembea. Daktari mkuu wa utafiti alibaki ofisini na jina lake mlangoni, nami nikapanda na kushuka matuta ya Giakanja, hukohuko Tetu, na viatu vyangu vya mpira, baridi ya Julai ikinitafuna masikio, nikiwatoa watu damu na kuwauliza maswali.

Boma moja sikulisahau. Alikuwapo shosho, mwenye nguvu bado, na wajukuu wake wawili wa kike waliozaliwa na wana wake wawili tofauti. Wote watatu waliitwa jina moja. Kwetu hilo si ajabu. Binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo shosho mwenye wana wengi anajikuta na wajukuu wengi wenye jina lake. Shosho huyu alipendwa, wakampa kila mjukuu hadi jina lake la ubatizo, na kwa kuwa jina la ukoo lilikuwa lilelile, ukiita jina kamili langoni wangeitika watatu.

Mmoja wa wale wajukuu alikuwa ameolewa na mtu anayefanya kazi kwenye kinu cha mpunga kule Mwea. Alikuwa amerudi kwao kwa muda, akiwa mjamzito, ili atunzwe. Akapata homa, akapewa dawa ya malaria, na mimba ikatoka ikiwa tayari inaonekana. Nilipompima, damu yake ilikuwa na ugonjwa. Nilipomweleza, akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekiuliza. Kwa Kikuyu, maana ndicho tulichozungumza pale, aliniambia kwamba mama mkwe wake anamlaumu kwamba alimuua mtoto kwa kubeba ndoo ya maji. Amewaambia majirani. Amemwambia mwanawe. Na sasa mume hapigi simu kama alivyokuwa akipiga.

"Hayo unayoandika yatachapishwa?" akaniuliza.

"Yatachapishwa."

"Yakitoka niletee. Nataka nimwonyeshe."

Nikamwahidi. Sikuwa na shaka yoyote, kwa sababu damu yake niliitoa kwa mkono wangu.

Miezi ikapita. Siku mswada uliponifikia mezani ili niuweke katika umbo linalotakiwa na jarida, nilianza na hitimisho, kama kawaida yangu, kwa sababu madaktari huwa wanaharibu hitimisho. Liliandikwa kwamba hatukupata uhusiano wowote kati ya ugonjwa huu na kuharibika kwa mimba. Nikasoma tena. Nikaenda kwenye jedwali la wanawake waliopoteza mimba na kutafuta Giakanja. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sufuri, imekaa pale imetulia kabisa.

Nilimpigia simu mtaalamu wetu wa takwimu, aliyekuwa Nairobi na ambaye hajawahi kufika Tetu hata kununua viazi.

"Giakanja wako wapi?" nikamuuliza.

"Wepi tena, madam?"

"Wanawake waliopoteza mimba. Mimi mwenyewe nilikaa na mmoja."

Nikasikia akibonyezabonyeza. "Aa, hao. Hizo zilikuwa duplicates, madam. Kabla ya kutoa majina ili watu wasijulikane, niliambia programu itafute watu wamejirudia. Jina moja, kijiji moja, namba ya simu moja. Ikapata wengi sana huko kwenu. Nikabakisha rekodi ya kwanza, hizo zingine nikafuta."

Simu, bila shaka, ilikuwa ya shosho. Ndiyo simu ya boma, ile inayokuwa na chaji siku zote, na kila mtu pale alitoa namba hiyo.

"Na umri? Hukuangalia umri?"

"Niliangalia. Ilikuwa tofauti, lakini nikaona ni makosa ya kuandika. Si unajua watu wa ushago, madam, hawajuangi umri yao."

Hawajuangi umri yao! Mtu wa makamo ya nyanya na msichana aliyemaliza shule juzi, akawaona mtu mmoja aliyechanganyikiwa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Lakini kilichonikata maini kilikuja baadaye, nilipotulia na kuona jinsi mambo yalivyokwenda. Kwetu huwezi kuingia kwenye boma ukaanza na watoto. Unaanza na mkubwa. Unamsalimia yeye kwanza, unampima yeye kwanza, na ukijaribu vinginevyo hata hao vijana hawatakupa mkono. Nilifanya hivyo kila mahali, na ni heshima. Kwa hivyo rekodi ya kwanza ilikuwa ya shosho siku zote. Katika kila boma la namna ile, programu ilimbakiza mama mzee ambaye aliacha kuzaa zamani, na ikawafuta wajukuu wake, ambao ndio wenye mimba. Kisha tukaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba mimba haziharibiki.

Nilimwendea daktari. Kwao ni tuta la ng'ambo, si mbali na kwetu. Anaitwa jina la babu yake, jambo analolijua kila mtu, maana mwenyewe hulisimulia kwenye sherehe. Picha ya mwanawe iko mezani pake, na huyo mtoto ana jina la babake daktari. Nilidhani nitasema sentensi moja na mambo yataisha.

Alinisikiliza akiangalia kompyuta.

"Sista, hii kitu imekaa sana," akasema. "Jarida linafunga Ijumaa. Tuweke sentensi moja hapo kwa udhaifu wa utafiti, tuseme ati inawezekana kuna rekodi zilipotea."

"Hazikupotea, daktari. Zilifutwa."

"Ni lugha tu."

"Daktari, wewe na guka yako ni mtu mmoja?"

Akageuka. "Usiniletee mambo ya nyumbani hapa. Hii ni sayansi."

Mambo ya nyumbani! Nyumbani ndiko tulikotoa damu. Ng'ombe wako nyumbani, maziwa yako nyumbani, na mimba ziliharibikia nyumbani. Mtu amekulia palepale, amekunywa maziwa lala ya shosho wake, kisha amesoma hadi akasahau kwamba watu wawili wanaweza kuitwa jina moja wakiwa wawili. Yule wa Nairobi angalau alikuwa hajui. Huyu alijua, na kujua kwake hakukumsumbua hata kidogo kwa kuwa Ijumaa ilikuwa inakaribia.

Sasa, jarida lile lina sharti. Kila mwandishi lazima atie sahihi tamko kwamba ameona matokeo na anaamini ni ya kweli. Bila sahihi za wote mswada hauendi popote. Jina langu lilikuwa la mwisho kwenye orodha, baada ya wakubwa ambao baadhi yao sijawahi kuwaona, lakini lilikuwapo.

"Sitii sahihi," nikasema.

"Basi jina lako litatoka."

"Litoe, daktari. Kutoa majina mmeshazoea. Ila nitamwandikia mhariri nimwambie kwa nini limetoka."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye bomba la maji nje ya wodi, nikanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nilimwogopa, naweza kusema hivyo. Hospitali ni yake zaidi kuliko yangu. Lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Kesho yake yule wa takwimu alinitumia ujumbe usio na salamu: "Zimerudishwa zote. Daktari amesema." Akapiga hesabu upya, na uhusiano ukaonekana, wazi kiasi kwamba hata yeye alinipigia simu kuniuliza kama ninauona. Nikamwambia niliuona Giakanja.

Ijumaa ile ilitupita. Tukalenga toleo lililofuata, nami nikaandika hitimisho upya, nikapanga majedwali upya, nikahangaika na mikato yao upya. Siku ya kuutuma mswada nilifungua ukurasa wa waandishi. Majina ya wakubwa yalikuwapo, kila moja na cheo chake. Langu halikuwapo. Mwishoni kabisa, kwenye shukrani, yalikuwapo maneno "wauguzi waliosaidia". Daktari alikuwa ametimiza neno lake. Mhariri hakuwa na swali tena la kuuliza, kwa sababu matokeo sasa yalikuwa ya kweli, naye daktari alilijua hilo vizuri sana. Nilikaa na kidole changu juu ya kitufe nikimtukana kimoyomoyo. Kisha nikabonyeza, kwa sababu nisingebonyeza, wa kuumia angekuwa yule wa Giakanja.

Makala yalipotoka niliyachapisha nikayapeleka. Nilimkuta mjukuu bado yuko kwao. Shosho alinikaribisha jikoni, akaweka maziwa motoni na kuyaacha yafure mpaka yakataka kumwagika, huku akinitazama ahakikishe nimeona. Mjukuu akazipokea karatasi kwa mikono miwili na kuzipekua.

"Mimi ni gani hapa?"

Nikamwonyesha jedwali. Nikamweleza kwamba majina hayaandikwi, kwamba ni sheria, lakini katika nambari ile ya Giakanja mmoja wao ni yeye. Akaweka kidole juu ya ile nambari. Nikamweleza pia kwamba alikuwa amefutwa, na kwa nini. Sikuona sababu ya kumficha.

"Kwa sababu naitwa kama shosho?"

"Kwa sababu hiyo."

"Na wewe jina lako liko wapi?" akauliza shosho kutoka motoni.

"Waliliondoa, shosho."

"Kwani wewe nawe uliitwa jina la nani?"

Tulicheka wote watatu, na mimi nilicheka nikiwa na hasira, mpaka machozi yakanitoka na sikujua ni ya kitu gani.

Mjukuu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa anaangalia karatasi, kurasa zile za Kiingereza zenye safu mbilimbili, vitenzi vyangu na mikato yangu yote. Akanirudishia ukurasa wa kwanza.

"Mama mkwe hajui Kiingereza," akasema. "Niandikie hapo juu kwa Kikuyu. Andika haikuwa ndoo."

Nikatoa kalamu. Juu ya kichwa cha makala, juu ya majina ya wakubwa wote, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba haikuwa ndoo ya maji, ulikuwa ugonjwa, na kwamba damu yake niliipima mimi. Akasoma polepole, midomo ikitembea, kisha akausukuma tena ukurasa mbele yangu.

"Weka na jina lako," akasema. "Asije akasema nimejiandikia."

Nikaliweka, lote, pamoja na lile nililopewa la nyanya yangu.