Mdhamini Hakuja Kunywa Uji

Mimi shule sikuenda, lakini sauti za watu nazijua. Wewe kohoa mara moja tu, kesho nitakohoa vile unakohoa mpaka mbwa yako ikuje mbio.

Wakati wa korona binti yangu alikuwa anashona yunifomu hapa Runyenjes. Cherehani tatu kwa chumba moja, na mtoto wake mchanga analala kwa sanduku ya vitambaa. Kelele ikiendelea, analala. Ikinyamaza, analia.

Shule zikafungwa. Siku moja redio ikasema serikali imekuwa mdhamini wa biashara ndogo, benki zikopeshe bila wasiwasi. Nikafura mashavu nikaiga: "Wananchi! Serikali imesimama na nyinyi!" Binti yangu akacheka mpaka sindano ikamdunga. Akaenda akakopa pesa ya vitambaa, shule zikifunguliwa asikose kazi. Benki ikaandika zile cherehani kuwa rehani ya mkopo.

Sasa, kwa kikundi yetu ya akina mama, ukikopa kuna mwenzako anakusimamia. Ukishindwa, hakuna mtu anagusa kuku yako. Wanaenda kwake, analipa. Halafu unampikia uji, mnakunywa pamoja, aibu inaisha, na unaenda kumlimia pole pole mpaka deni yake inaisha. Sisi udhamini tulijua hiyo.

Kwa hivyo shule zilipofunguliwa, na watoto wakarudi na sweta za zamani zimefika kwa kiwiko kwa sababu wazazi hawana kitu, binti yangu akashindwa kulipa, tulihuzunika lakini hatukuogopa. Mama mmoja akasema, "Si tutalimia serikali kando ya barabara!"

Siku benki ilisema inakuja, tulipika uji wa wimbi, sufuria kubwa. Gari ikasimama. Kijana akatoka na wabebaji wake.

Nikamuuliza, "Na mdhamini umemwacha wapi? Uji inapoa."

"Mdhamini gani, cucu?" akauliza, kama mjukuu anaongea na nyanya yake.

"Serikali. Si ilisimama?"

Akaangalia viatu zake. Alikuwa anaongea kama mtu amebeba mayai. "Cucu, hiyo dhamana ni ya benki. Si yenu. Sisi tunachukua vitu kwanza. Ikibaki deni, ndiyo serikali inasaidia benki."

"Yaani ilisimamia mwenye pesa?"

"Ni kama hivyo, cucu."

"Kwani yeye ndiye alikuwa anaanguka?"

Hakuna mtu alicheka, na mimi nilikuwa nimezoea kuchekesha.

Binti yangu alichukua kitambaa akapanguza cherehani moja moja, kama mtu anaosha mtoto anaenda kwa wageni. Ile ya mwisho akawaambia wabebaji, "Hii muipake mafuta hapa kwa gurudumu, ikikauka inalia." Wakapakia, wakaenda. Uji yetu kijana hakugusa.

Mchana huo mtoto alikataa kulala. Alilia mpaka sauti ikakauka.

"Mama," binti yangu akaniambia, "iga."

"Niige nani? Yule wa benki?"

"Iga cherehani."

Nikakaa karibu na sanduku. Trrrr. Nikishika pumzi, mtoto anafungua macho. Trrrr. Akalala. Binti yangu alikuwa ameangalia ukuta, na mimi sikunyamaza, ndiyo nisimsikie.

Huyo mtoto sasa ameanza shule. Yunifomu tulimnunulia dukani. Binti yangu aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwa mshono, akairudisha kwa mfuko.