Boti la Mwamgongo na Sura ya Mwisho

Kama kungekuwa na sheria ya kuwatoza faini watu wanaoanza kitabu mwishoni, ningejitolea kuwakamata mwenyewe, bila mshahara. Sisemi kwa chuki. Nasema kwa sababu walinichosha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, na ugonjwa wangu ni riwaya za upelelezi. Kwa miaka mingi chumba changu cha uani alipanga muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo kama mimi, mgonjwa mwenzangu. Jioni akitoka kazini alikaa barazani na kitabu nilichomchagulia, mimi naendelea kushona, na mara mojamoja namsaidia kidogo: "Umefika wapi? Kwenye chai? Haya, mwangalie vizuri yule mjane, mimi simo." Alikuwa ananitazama juu ya miwani, kisha anageuza ukurasa.

Alipohamishiwa zahanati ya Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe ambako watu huenda kwa boti, niliona nimenyang'anywa mtu. Mume wangu anasoma matokeo ya mpira. Wanangu wanasoma simu. Kumaliza riwaya nzuri bila mtu wa kuizungumza naye ni sawa na kupika sufuria zima la pilau halafu ukakuta nyumba haina watu.

Alinialika mara nyingi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Ujiji, ziwa nalijua kwa kulitazama, na maji yakifika magotini hapo ndipo mpaka wetu. Isitoshe, simu yake kubwa ilizama siku ileile aliyohamia, wakati anashuka botini, akabaki na kale kadogo ka vibonye. Kama ziwa limemeza simu ya muuguzi wa serikali, mimi litanibakiza? Basi nikawa natuma vitabu. Nakifunga kwenye gazeti, naenda nacho Kibirizi, boti zinakoanzia safari, namkabidhi nahodha wa boti la abiria, kisha nampigia shoga yangu: "Hiki usikianze ukiwa umebandika maharage. Yataungua."

Cha kwanza kilipofika, alinipigia jioni hiyohiyo. Sauti imepoa.

"Nahodha amenikabidhi," akasema. "Akaniambia, 'Muuguzi, mzigo wako huu hapa, aliyeua ni mjomba.'"

Nilidhani ni bahati mbaya. Nikatuma cha pili. Safari hii aliyemtangulizia habari ni mama mmoja muuza dagaa, abiria wa kila safari, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Alimpungia mkono boti halijafunga: "Muuguzi! Kumbe ni yule padri!" Cha tatu alikipata kimelowa pembeni, pamoja na hukumu kwamba mpelelezi alikuwa mzembe na mke mkubwa alistahili kufungwa.

"Usinitumie tena," akaniambia. "Nashukuru, lakini basi."

Neno hilo liliniuma. Vitabu vikikoma, tutazungumza nini? Bei ya unga? Wiki ya kwanza ananipigia, ya pili anatuma salamu, ya tatu tunakuwa watu waliowahi kufahamiana. Nimeona urafiki mwingi ukifa hivyo, bila ugomvi wowote.

Nikaenda Kibirizi nimekunja kanga kiunoni. Nahodha alikuwa anapanga magunia. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," na mimi hata marahaba ilitoka kwa shida.

"Nani aliwaruhusu kufungua mzigo wangu?"

"Mama, mzigo wa mtu tutaupakiaje bila kujua ni nini? Tunauangalia. Na ukimpelekea mtu mzigo, humpi kimyakimya kama umeuokota. Unampa na habari zake."

"Sasa kwa nini msome mwisho?"

Alinishangaa kweli. "Safari fupi, mama, kitabu kirefu. Tukianza mwanzo tutafika hatujamjua."

"Na mwanzo unajulikana," akadakia yule mama wa dagaa, ameketi juu ya ndoo zake. "Mtu kafa. Halafu, mwenzangu, kile cha padri hakikuwa kizuri. Tutafutie kingine."

Tutafutie! Nilirudi Ujiji nachemka. Riwaya ya upelelezi iliyoandikwa vizuri haikuibii. Kila kitu mwandishi amekuwekea mbele ya macho: kikombe, kufuli, viatu vyenye tope. Wewe unapita navyo kama kipofu, na mwishoni unajipiga paji la uso. Kile kipigo ndicho utamu wote. Watu hawa walikuwa wanakula utamu huo njiani na kumpelekea muuguzi wangu maganda.

Nilikuwa nimebakiwa na kimoja, kizuri kuliko vyote. Tajiri wa kahawa amekutwa amekufa ndani ya ghala lake, mlango umekomewa kwa ndani, nje kuna mke mdogo, mpishi, dereva na karani wa mizani, wote wana sababu ya kumtaka afe na wote wanalia. Nikachukua wembe. Nikakifumua kama ninavyofumua pindo, uzi kwa uzi, nikaitoa sura ya mwisho nzima bila kuchana karatasi hata moja. Kitabu nikakishona upya, nikakituma. Sura nikaificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Jioni simu ikaita, namba nisiyoijua. "Mama, kitabu chako kimepungukiwa." Nikakata. Kesho yake asubuhi ikaita nyingine. "Mwakeye, mama!" mtu ananiamkia kwa Kiha. "Ni mpishi, sivyo?" Nikakata. Kumbe walipokosa mwisho walilazimika kuanza mwanzo. Hawakumaliza, wakamnyima muuguzi kitabu mpaka safari iliyofuata, na alipokuja kukipata hawakuwa na la kumwambia. Siku chache baadaye akanipigia yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ile ya barazani kwangu.

"Sura ya mwisho iko wapi?"

"Ninayo."

"Usimpe nahodha. Niletee wewe."

Nikapanda boti. Sitaki kusimulia sana. Sura nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaubana kifuani ndani ya blauzi. Kuanzia tulipoiacha Kibirizi walinizunguka kama polisi. Mama wa dagaa alinipa nafasi nzuri, akanimenyea chungwa, kisha kwa upole akaniuliza, "Mke mdogo?" huku ananisoma macho. Nikajifunika uso kwa kanga. "Dereva?" Kimya. Nahodha naye, badala ya kutazama mawimbi, ananitazama mimi! Tulipokuwa tunapita Gombe nilitapika, na hata hapo kuna mtu aliuliza kama kutapika kule kulikuwa ndiyo au hapana. Sikufungua mdomo. Nilijisifu moyoni: siri ya mtungi aijuaye kata.

Tulipofika Mwamgongo, shoga yangu aliingia majini kunipokea, sketi ya sare ameikusanya mkononi. Alikuwa amekonda. Nilitaka kulia. Akanishika mkono nishuke, watu wote wako kimya wametega masikio, akaniambia:

"Umejisumbua bure. Nimeshamjua. Ni dereva."

"Dereva!" nikasema. "Dereva gani? Miaka yote hii nakufundisha kusoma, hukuona gunia? Gunia lililofunika maiti limeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto, mshono umelala upande mwingine kabisa, na ukurasa uleule karani wa mizani anaandika kwa mkono wa kushoto! Dereva ametoka wapi? Ni karani!"

Nahodha akapiga makofi, "Karani! Nilisema mimi!" na boti zima likalipuka.

Shoga yangu alikuwa anacheka mpaka amelishikilia boti.

"Gunia nililiona," akasema. "Karani nilimjua zamani. Nilitaka kuhakikisha kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Kama wanaonitobolea siri ni hawa tu, au walirithi kazi ya mtu."

"Nyani haoni kundule," akasema mama wa dagaa, akashusha ndoo zake.

Nilinuna njia nzima hadi kwenye nyumba ya zahanati. Mimi nafananishwa na watu wa boti! Mimi nilikuwa namwelekeza tu. Tuliketi mlangoni, akanipa sindano ya kushonea na uzi, nikaanza kuirudisha sura mahali pake wakati yeye anachambua mchele. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali:

"Umekuja na kingine?"

Nilikuwa nacho. Nikakitoa mkobani, nikakifuta vumbi kwa kanga, nikamwekea mapajani.

"Hiki, mwenzangu, ni hatari. Hutalala. Ila yule mganga anayekuja sura ya pili—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja kizima, kinanukia sabuni ya hospitali, na hakukitoa mpaka alipomaliza ukurasa wa kwanza.