Siku Aliyozaliwa Mkurugenzi

Malina Gerginova alikuwa sauti ya redio ya mji wetu mdogo chini ya milima ya Rodopi. Kila asubuhi alisoma kipindi chake, "Siku Kama ya Leo": nani alizaliwa, nani alifariki, mji gani ulitekwa. Muuza nyama aliapa kwamba historia yote ya dunia aliijulia redioni, akiwa anachuna kondoo.

Tarehe moja hakuisoma kwa amani: kumi na tisa Oktoba. Tarehe hiyo, mwaka 1983, kiwanda chetu cha viatu kiliungua. Wanawake wa chumba cha gundi waliteketea, mdogo wake Iskra akiwamo. Walionusurika katika vyumba vya jirani walisema mlango ulifungwa kwa kufuli kwa nje, maana mkurugenzi, Lyuben Hadzhiev, aliwashuku wanaiba ngozi. Ripoti ikasema mlango ulikuwa wazi; wanawake walipagawa wenyewe. Yaani waliungua kwa ujinga wao!

Kila mwaka Malina aliuandika moto ule kwenye kipindi, na kila mwaka ulikatwa. Enzi za Chama, wakomunisti walipotawala, aliambiwa kwamba kiwanda cha wafanyakazi hakiwezi kuua wafanyakazi. Chama kilipoanguka, akaambiwa asitoneshe vidonda. Aliruhusiwa kumlilia Samora Machel, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe hiyohiyo miaka mitatu baadaye. Kumlilia Iskra, hapana.

Hadzhiev naye alikinunua kiwanda kwa bei ya kutupa, akawa tajiri. Na kama vile Mungu anatania, alizaliwa tarehe kumi na tisa Oktoba. Mwaka 2009 alipofikisha sabini, halmashauri iliamua kumvisha utepe wa raia wa heshima.

Asubuhi hiyo mkuu mpya wa redio, kijana Plamen, aliingia studio. Mimi, fundi mitambo, nilikuwa natengeneza waya.

"Shangazi Malina, bwana Hadzhiev tunamweka kwenye waliozaliwa. Juu kabisa."

"Juu ya nani?"

"Juu ya wote. Na ule moto wako uache. Mtu anatimiza sabini, tumharibie siku?"

"Iskra alikuwa na ishirini na miwili. Yake aliiharibu nani?"

"Jamani, usinianze. Mimi hata sikuwa nimezaliwa."

"Basi kaa chini usikilize, uzaliwe leo."

Sisi wawili tulihamia chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, naye akaingia hewani. Alisoma Napoleoni akiondoka Moscow. Alisoma Machel. Kisha akavua miwani.

"Siku kama ya leo alizaliwa Lyuben Hadzhiev. Siku kama ya leo, alipotimiza arobaini na minne, mlango wa chumba cha gundi ulikuwa na kufuli kwa amri yake. Waliokufa ndani ni hawa." Akawataja mmoja mmoja, kwa jina na mtaa aliotoka.

Plamen alikuwa anapiga kioo kwa viganja. "Zima! Mzee, zima hiyo!"

Swichi ilikuwa mbele yangu, yeye haijui; mikono yangu niliikalia.

Mchana, ukumbi wa halmashauri ulijaa: tarumbeta, maua, utepe wa hariri. Malina alikuwa ameshafukuzwa kazi, akaja na koti lake la studio. Kabla meya hajafungua mdomo, bibi Gina, mama wa marehemu Rositsa wa chumba cha gundi, alipanda jukwaani kwa fimbo, mkononi kikombe cha ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayogawa siku ya wafu wetu. Ngano hiyo haikataliwi, hata na adui.

"Kula, mwanangu. Ni ya Rositsa wangu."

Hadzhiev alirudi nyuma. "Bibi, si hapa."

"Hapa hapa. Alikushonea viatu, nawe hutaki kijiko kimoja?"

"Mnanionea! Amri ilitoka juu. Kufuli nililetewa, sikulinunua mimi!"

Hata yeye alisikia alichokisema.

"Kumbe lilikuwepo!" Malina akapaza sauti kutoka mlangoni. "Miaka yote hii mnatuambia walipagawa. Mbwa nyie!"

Mtadhani utepe ulirudi kabatini. Wapi! Meya alikohoa, akamvisha haraka haraka, na nusu ya ukumbi ikatoka nje bila kugusa keki. Mwendesha mashtaka alisema muda wa kesi umepita. Umepita kwa nani? Bibi Gina bado anamwona Rositsa akichana nywele.

Wanawake walichanga, wakabandika bamba la marumaru kwenye ukuta wa kiwanda, na majina yote. Halmashauri ikaling'oa: halina kibali. Wakabandika jingine. Likang'olewa. Juzi nilimkuta Malina akipanda kilima cha kiwanda na ndoo ya saruji na bamba jipya, uso umemwiva kwa hasira.

"Unakwenda wapi na mgongo huo?" nikamuuliza.

"Shika huku," akasema, "acha maswali."

Nikashika.