Nyongeza ya Sokoni Ilikuwa ya Nani

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na tano, nimesoma mpaka darasa la nne, na baba alikuwa amezikwa wiki mbili. Shida ilianza hapo. Mjomba alinipeleka Iguhu kwa daktari mmoja nikawe mpishi wa nyumbani. Msifikiri mpishi alikuwa wa kukoroga sufuria tu. Mpishi ndiye alienda sokoni, na chakula kikiisha kabla ya wiki kuisha, mpishi ndiye aliulizwa.

Siku ya kwanza nilitumwa gorogoro tatu za mahindi. Gorogoro, kwa nyinyi wa unga wa pakiti, ni ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia nafaka. Nilirudi nimefurahi. Bwana Daktari akayapima upya kwa mkebe wa nyumbani. Hayakufika tatu.

"Uliangalia kitako cha mkebe wake?" akaniuliza.

"Kitako kina nini, Daktari?"

"Kina kazi yako. Rudi ukaangalie."

Nikarudi. Muuzaji alikuwa amekigonga kitako kwa nyundo kikaingia ndani, kwa hivyo mkebe ulionekana mzima na ulibeba kidogo. Tangu siku hiyo hakuna mtu alinipimia kitu kabla sijaingiza mkono na kupapasa. Waliniita mtu asiye na adabu. Afadhali hivyo.

Miaka sita baadaye nilienda Butere kwa Mwalimu Mkuu, nyumba ya watu kumi na mmoja. Yeye alisema maneno ambayo mpaka leo sijapata ya kuyashinda: "Usinunue kwa muuzaji wa kwanza. Zunguka soko lote mikono mitupu, halafu ndio ufungue mfuko." Huko nilijifunza kuuma maharagwe. Yakishika alama ya jino, yana maji, yataoza. Yakiwa magumu kama changarawe, ni ya zamani, na maharagwe ya bei rahisi yanayomaliza makaa ya siku mbili si ya bei rahisi. Nyanya nilinunua saa kumi na moja jioni, wauzaji wakitaka kwenda nyumbani, lakini za kupikwa leo na kesho tu. Anayejaza nyanya za bei ya jioni kwa wiki nzima anatupa pesa.

Halafu nikaja Kakamega mjini kwa Meneja. Mke wake tulimwita Madam. Hapo nilikaa miaka ishirini na tatu, na hapo ndipo niliumizwa.

Katika soko la mjini nilipata Mama Ayuma, aliyeuza mahindi, maharagwe na njugu. Siku ya kwanza aliniona na kikapu akapaza sauti wenzake wasikie:

"Shemeji! Umeoa kikapu ama kikapu ndicho kimekuoa?"

"Kimenioa, na mahari bado sijaona," nikamwambia.

Wakacheka, na kilele cha gorogoro yangu siku hiyo kilikuwa kama kichuguu. Kilele ni ile nafaka inayosimama juu ya ukingo wa mkebe. Baada ya kilele kuna nyongeza, konzi moja au mbili ambazo muuzaji anakutupia bure. Nyongeza haipatikani kwa kubishana. Niliketi na huyo mama nikamsaidia kupeta maharagwe, nikamuuliza mguu wake unaendeleaje, mazishi kwao nikaenda. Vijana mnaoniuliza namna ya kupunguza gharama ya chakula, namna ni hiyo. Inataka muda na inataka mdomo mzuri.

Nyongeza yote niliweka kwa kikapu cha Madam. Hapo ndipo nilikosea, kwa sababu chakula kilibaki, na mimi kwa majivuno nikamwonyesha. Akasema, "Kama wiki jana kimebaki, basi wiki hii pesa ipungue." Ikapungua. Nikabana tena, ikapungua tena. Mshahara wangu haukupandishwa hata siku moja.

Mwaka wa kumi na nne mke wangu Rasoa alifanyiwa upasuaji. Mama Ayuma akafunga njugu na maharagwe kwa gazeti. "Hii si ya Madam," akasema. "Mpe Rasoa apate nguvu. Na usiipitishie kwa sufuria za watu." Nikaiweka ndani ya kikapu, upande wa chini. Sikuificha; sikuwa na mahali pengine.

Madam alitoa vitu kikapuni mwenyewe siku hiyo. "Hii ni nini?"

"Nyongeza, Madam. Nimepewa ya mke wangu mgonjwa."

"Umepewa kwa pesa ya nani?"

Akamwita Meneja. Meneja alikuwa mtu wa sauti ya chini. Akaniambia, "Pesa ilitoka kwangu. Chochote kilichokuja na hiyo pesa ni changu."

Nikamjibu, "Pesa yako ilinunua gorogoro mbili, na ziko hapo. Hiyo ingine ilinunuliwa na salamu zangu."

"Mzee, mimi sitaki maneno mengi. Sema uliiba, nikusamehe, uendelee na kazi. Ukikataa, beba nguo zako."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilibeba nguo zangu. Rasoa alikuwa bado na nyuzi tumboni na dawa zilikuwa za kununuliwa kila wiki. Nikasema, "Niliiba." Madam akamimina njugu kwa mtungi wake.

Wiki iliyofuata nilimwambia Mama Ayuma anipimie sawa na ukingo, asiongeze hata punje.

"Nimekukosea wapi, shemeji?"

"Wewe hapana. Pitisha kijiti tu."

Akapitisha kijiti juu ya mkebe, kilele kikaanguka. Nilinunua hivyo miaka tisa. Madam alilalamika kwamba soko limekuwa ghali, akaongeza pesa mara tatu.

Nilipostaafu waliita majirani wanywe chai. Meneja akasimama akasema nilikuwa mpishi hodari, "na ile mara moja aliteleza, tulimsamehe." Watu wakapiga makofi. Nilimfuata mpaka kwa gari nikamuuliza, "Meneja, niliiba?"

"Mzee, hayo ni ya zamani," akasema, akapandisha kioo.

Sijui mwingine wa kumuuliza. Rasoa anaishi. Hiyo ndiyo nilipata kwa lile neno, na ningelisema tena, lakini mtu asiniambie nisamehe.

Leo nina nusu ekari Iguhu. Nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Kuku saba. Baiskeli. Redio. Meza na viti vinne. Vyote nilinunua bei kamili.