Samaki Haingii Jikoni

Kila Jumapili, baada ya ibada, wageni watatu walikutana katika baraza ya nyumba ya mhandisi, mbele ya mashamba ya chai, wakaomboleza vyakula. Hawakulalamikia mvua wala barabara wala upweke. Au pengine upweke ndio hasa waliokuwa wakiulalamikia, ila walikuwa wameupa majina ya vyakula.

Daktari Chidubem, Mnaijeria aliyefundisha katika chuo kimoja upande wa Kabianga, ndiye aliyeanza siku hiyo.

"Kenya hii pilipili huingia chunguni kwa kubisha hodi," alisema. "Ikiambiwa subiri, inasubiri."

"Wewe una nafuu, unaweza kuipanda," alijibu Annelies, Mholanzi aliyewashauri wafugaji wa Bomet. "Mimi nimezungukwa na ng'ombe na maziwa, lakini jibini hakuna. Ile wanayoniuzia mjini ni sabuni iliyokosa povu."

Mwenye nyumba, Senarath, Msri Lanka mwembamba aliyesimamia mitambo ya kiwanda cha chai, alizoea kusema mwisho.

"Nyinyi mnakijua mnachokikosa," alisema. "Mimi ninakula wali wa Jackton, dengu za Jackton, mchuzi wa Jackton. Kila kitu kipo. Lakini chini ya ladha kuna shimo. Mama yangu hakuniruhusu kuingia jikoni kwake, kwa hiyo sijui hata ni kitu gani kilikuwa kimelijaza."

Nyuma ya mlango Jackton alisimama na birika mkononi, akingoja sentensi hiyo iishe. Alikuwa ameisikia mara nyingi, na kila aliposikia aliona kama anahukumiwa kwa kosa ambalo hata hakimu mwenyewe halijui.

Alikuwa mpishi wa nyumba hiyo tangu ujana wake. Mameneja na wahandisi walikuja wakaenda, kila mmoja na tumbo lake, naye alibaki, kama jiko na kabati. Yule wa kwanza kabisa, Mwingereza aliyekwisha kufa zamani, alimpa amri moja siku ya kwanza: samaki asiingie jikoni, harufu yake hushika mapazia. Aliyemfuata hakuiuliza amri hiyo wala hakuifuta. Katika mashamba ya chai amri za nyumba hazisafiri na bwana aliyezitoa. Hubaki na mpishi, naye huzitunza kama funguo ambazo bwana mpya haulizi habari zake. Jackton, mwana wa Nyakach aliyelelewa kwa samaki, alikuwa ameilinda amri hiyo miaka yote kwa uaminifu ambao sasa, akiufikiria, hakujua kama aite uaminifu au woga.

Nyakach haikuwa mbali. Anga likitakata, mtu aliyesimama nyuma ya jiko aliweza kuona chini kabisa, upande wa magharibi, weupe wa ziwa. Siku yake ya mapumziko aliweza kuteremka asubuhi, akamwona mkewe Dorcus, na kurudi jioni kuandaa chakula cha usiku. Lakini kilichokuwa kikimwita sasa hakikuwa jambo la asubuhi na jioni. Jackton hakuwa amejenga boma lake mwenyewe. Dorcus, mwanamke mwenye wajukuu, alikuwa bado anapikia katika boma la marehemu baba mkwe wake, bado mgeni katika uwanja anaoufagia. Mwana wao wa kwanza, Phelix, mwalimu kule Ndanai, naye hangeweza kujenga kabla ya baba yake. Mila ilikuwa imewapanga kama watu kwenye daraja jembamba: wa mbele akisimama, wote wamesimama.

Kufungua boma kulihitaji mtu wa rika la baba yake Jackton awaongoze alfajiri: Jackton na jogoo mkononi, Phelix na shoka, Dorcus na moto. Nyumba ikishasimamishwa, mwenyewe alipaswa kulala pale siku kadhaa bila kutoka, moto wa mkewe ukizoea mahali pake. Na wa rika la baba alikuwa amebaki mmoja tu, mzee Nyangweso, ambaye miguu ilikuwa imevimba na sauti yake kwenye simu ilizidi kuwa nyembamba.

"Mwanangu," mzee alikuwa amemwambia, "mimi ninakungoja wewe, na kuna mwingine ananingoja mimi. Huyo hana subira kama yangu."

Jackton alikuwa ameomba likizo. Senarath hakumkatalia, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa kuwa mtu anayekataliwa hupata la kugombania. Senarath alisema tu, "Subiri kidogo, Jackton. Wakaguzi wanakuja. Nani atatupikia?" Baada ya wakaguzi kukawa na wageni wa kiwanda, na baada ya wageni kukawa na homa ya bwana mwenyewe. Angeweza kuondoka bila ruhusa, lakini mtu akiacha kazi hivyo hupoteza mafao yake, na mafao hayo ndiyo yaliyokuwa mabati na mbao za boma lenyewe. Kadiri alivyopika vizuri ndivyo alivyohitajika. Kadiri alivyohitajika ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mzito.

Jumatatu, kesho yake ya mazungumzo ya barazani, alimweleza shida hiyo Rodah, mama wa Kikipsigis aliyefanya usafi wa nyumba. Rodah alikuwa na ng'ombe wake na chai yake nyuma ya kilima, na kila jioni alirudi kwake kwa miguu, jambo ambalo Jackton alilitazama kama watu wengine wanavyotazama utajiri.

"Baba Phelix, wewe unapika vizuri sana, ndio shida," Rodah alisema, akikamua tambara. "Mimi ningekuwa wewe ningeunguza wali."

"Nikiunguza wali watasema mimi ni mgonjwa. Wataniletea daktari."

"Basi mpikie ile omena yenu, hao dagaa wakavu wa ziwani. Mimi nikipita sokoni pale wanauza, naziba pua na kukimbia kama nimeona chatu."

"Na maziwa yenu ya kibuyu, yale yamechanganywa na mkaa? Hayo ni ya kunusa?"

"Mursik ni dawa!" Rodah alicheka. "Omena ni silaha. Ipike kwa hii nyumba siku moja tu. Yeye mwenyewe atakwambia, Jackton, enda kwenu mwezi mzima, mimi nifungue madirisha."

Walicheka wote wawili. Lakini kicheko kilipokwisha, Jackton alibaki ameshika kisu juu ya sukuma wiki, na mzaha ule ukabaki naye jikoni kama mtu aliyekataa kuondoka. Chini ya kitanda chake, katika chumba cha watumishi, kulikuwa na mfuko wa omena ambao Dorcus, aliyekuwa akiziuza sokoni, alimpa alipoteremka mara ya mwisho. Alikuwa akizila peke yake huko, dirisha limefunguliwa, kama mtu anayevuta bangi.

Jumapili iliyofuata aliuleta. Alikaanga omena kavu bila mafuta mpaka zikalia, akazitwanga na pilipili na kitunguu. Alikatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, kwa kuwa bwana aliipenda hivyo, akaichanganya na nazi kavu ya kopo, kisha akamimina unga wote wa samaki juu yake. Harufu ilijaa jikoni, ikapita ukumbini, ikafika barazani. Alijiona anavunja amri ya mtu aliyekwisha kuoza kaburini, na bado aliogopa.

Aliweka bakuli mezani akarudi nyuma ya mlango kungoja.

Mazungumzo ya barazani yalikatika. Alimsikia Annelies akikohoa na kusema, "Mungu wangu, hiki ni nini?" Daktari Chidubem akasema, "Hatimaye! Chakula chenye hasira!" Jackton alichungulia. Mhandisi alikuwa ameweka uma chini. Kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii alikuwa anakula kwa vidole, ameinama juu ya sahani, haraka kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyajali.

"Jackton!" aliita.

Jackton alitoka, mikono nyuma.

"Ni samaki," Senarath alisema. "Samaki mkavu aliyetwangwa. Mama alikuwa akimtwanga mlangoni, nilisikia kila asubuhi, na sikujua! Kwa nini ulinificha miaka yote hii?"

"Bwana, samaki haingii jikoni. Ni amri ya nyumba."

"Amri ya nani?"

Amri haikuwa ya mtu yeyote aliye hai, isipokuwa yake mwenyewe.

Senarath alicheka, akawageukia wenzake. "Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani mwisho wa mwezi huu. Ofisi ilikuwa iifunge nyumba hii mpaka mwingine apatikane. Lakini sasa?" Alilamba vidole. "Sasa naweza kukaa. Kesho nitawaambia nakubali mkataba mpya, kwa sharti moja: mpishi wangu asiguswe."

Daktari Chidubem alipiga makofi. Mwisho wa mwezi, Jackton aliwaza. Nyumba imefungwa, jiko baridi, mpishi hana wa kumpikia. Angekuwa Nyakach na jogoo mkononi bila kumwomba mtu yeyote.

"Bwana," alisema, na sauti yake ikamtoka ndogo kuliko alivyokusudia, "ile likizo yangu. Mzee wetu hali yake si nzuri."

"Bila shaka, bila shaka. Baada ya Pasaka. Dada yangu anakuja kunitembelea. Lazima aonje hiki." Senarath alimshika mkono kwa vidole vyenye mafuta, kwa upendo wa kweli. "Leo umenipa nyumbani kwangu, Jackton. Unaelewa?"

"Ninaelewa, bwana."

Jikoni, Rodah alikuwa amekwisha kusikia yote. Hakucheka. Alichukua bakuli tupu akalisugua kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Pole, baba Phelix," alisema. "Ni mimi na mdomo wangu."

Jackton alitoka nyuma ya jiko na simu. Mawingu yalikuwa yameshuka na ziwa halikuonekana. Dorcus alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Baba Phelix? Mzee ameamka vizuri leo. Ameniuliza jogoo tumenunua wa rangi gani. Unakuja lini?"

Alikuwa amepanga kumweleza mambo yote kwa utaratibu: wageni, amri, shimo lililokuwa chini ya ladha. Badala yake alijisikia akisema, "Mama Phelix, nitumie omena."

Kwenye simu alisikia kuku, na mlio wa ufagio wa mtu mwingine uwanjani.

"Si nilikupa mfuko juzi?"

"Umekwisha. Zinatakiwa nyingi sasa. Kila wiki."

Dorcus hakumuuliza zinatakiwa na nani. Alikuwa ameishi miaka mingi na mume anayeitumikia nyumba nyingine, hata hakuhitaji kuuliza. Alivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti anayoitumia sokoni, ya upole na ya mbali, anapoongea na mteja asiyemjua:

"Nikupimie kwa debe, au kwa gunia?"