Niligonga Diski, Mjukuu Wangu Akazidi Kujificha

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, hasa nyinyi mlioachiwa mtoto wa mtu mumlee, kaeni chini kwanza. Nimekosa. Sitaki mtu anitetee ati ni uzee. Akili zangu zote zilikuwa hapa.

Mimi ni nyanya wa huku Ndalu, Bungoma. Shule niliachia darasa la tatu nikashika jembe. Kitinda mimba wangu alizaa akiwa bado nyumbani, nikamwambia aniachie mtoto, aende asome. Sasa yuko Kitale, chuo cha ualimu. Mtoto ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Nitamwita Nekesa, lakini hilo si jina lake.

Likizo ya Agosti binti yangu alikuja na noti zake. Tukiwa tunapukuchua mahindi ya mwaka jana, ananisomea habari za watu waliochunguza jinsi mtoto anavyojifunza. Majina yao yananishinda ulimi, ila maneno yao nilishika. Ama nilidhani nimeshika.

Kulikuwa na Mswisi mmoja aliyekaa akatazama watoto wake mwenyewe wakicheza, akaandika. Alisema mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Akili yake inapanda kidato kimoja, halafu kingine, na huwezi kumrusha.

Binti yangu akataka nione kwa macho. Akapanga punje tano za mahindi zimekaribiana, na chini yake zingine tano, akazitawanya.

"Nekesa, wapi nyingi?"

Mtoto akaonyesha zile zilizotawanywa.

"Hebu hesabu."

Akahesabu tano. Akahesabu tena tano.

"Sasa wapi nyingi?"

"Si ni hizi," akaonyesha zilezile.

Binti yangu akacheka, amefurahi kabisa. "Mama, umeona? Huo ndio umri wake. Mwache tu, atafika."

Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilikuwa na ndugu ambaye mpaka anazikwa hakuweza kuhesabu ng'ombe wanne, na soko zima lilimfanya mchezo. Nikasema moyoni, hii kitu imerudi nyumbani kwangu. Hofu hiyo ndiyo ilinipoteza.

Akasoma Mrusi mmoja aliyekufa bado kijana. Huyo alisema kuna kazi mtoto haiwezi peke yake, lakini akikaa na anayejua, amshike mkono kidogo, anaiweza. Kesho atafanya mwenyewe.

"Huyo hakuwa na ekari tatu za kupalilia," nikamwambia.

Halafu akasoma Mrusi mwingine, wa mbwa. Mbwa wanasikia mlio, wanaletewa chakula. Mlio, chakula. Mwisho wakisikia mlio peke yake, mate yanawatoka.

"Huyo sasa ndiye wangu," nikasema.

"Mama, hao ni mbwa."

"Na wewe nilikulea na nini? Si ni fimbo, na uko chuo?"

Likizo ikaisha. Akarudi Kitale.

Hapa nyumbani tuna diski kuukuu ya plau ya trekta. Imening'inia kwenye nguzo ya jikoni. Ukiigonga na chuma mara moja, wafanyakazi wanatoka shambani kuja kula. Ukigonga mfululizo, majirani wanajua kuna hatari, wanakuja mbio. Ndiyo desturi ya huku.

Mimi nikaifanya ya kusomesha. Nekesa akikosa herufi, nagonga mara moja, halafu fimbo. Akikosa hesabu, diski, halafu fimbo. Nilitaka afike mahali ambapo atasikia mlio tu na akili iamke, hata bila fimbo.

Na ilifanya kazi. Wiki tatu, mtoto anasoma herufi kama maji. Binti yangu akipiga simu namwambia, "Ameshika, mama, ameshika." Habari ya diski sikumwambia. Hapo mjue nilijua.

Siku moja nikamkuta nyuma ya jikoni na mwanasesere wake, gunzi la mahindi limefungwa kitambaa. Anagonga kifuniko cha sufuria, halafu anamchapa na kijiti.

"Amefanya nini huyo?"

"Amekosa, Kukhu."

Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Nilicheka, nikapita. Na kwenye zile noti kulikuwa na mtu aliyeonyesha watoto mtu mzima akipiga mwanasesere, nao wakaiga vilevile. Nilisomewa hiyo. Sijui masikio yangu yalikuwa wapi.

Oktoba, mahindi yamekatwa, mabua yamesimamishwa shambani kwa mafungu, mwalimu wa Nekesa akaja kwangu anahema, kitambaa cha kichwa hana.

"Nyanya, Nekesa amefika hapa?"

"Si nimekuachia wewe asubuhi?"

Shule yao ilikuwa na kengele ndogo ya mkono. Siku hiyo badala yake wakaning'iniza ringi ya gurudumu la trekta, mlio wake kama wa diski yangu. Ilipolia mara ya kwanza, Nekesa alijikojolea, akatoka mbio akielekea huku kwetu.

Niligeuka nikatazama shambani. Kwa sababu katikati ya shule na kwangu kuna lile shamba, na ndani ya shamba kuna shimo la choo tulichokiacha bila kumaliza. Refu. Juu yake tumelaza mabua tu.

Nikapigia mamake simu. Halafu nikafanya vile tunavyofanya huku mtu akipotea. Nikashika chuma, nikagonga diski. Nikagonga mfululizo. Majirani wakaja, wengine na rungu wakidhani ni mwizi. Wakatawanyika shambani. Nikazidi kugonga ili hata wa mbali wasikie.

Jirani mmoja akapiga kelele, "Ameacha kiatu hapa!" Baadaye mwingine, "Hapa kuna sweta!" Kila kitu kilikuwa karibu zaidi na shimo. Mimi nagonga.

Binti yangu alishuka kwenye boda akatupa mkoba.

"Mama, kwa nini unagonga?"

Hapo nikamwambia yote.  Alininyang'anya chuma.

"Acha! Ni wewe unamfukuza."

Shamba likanyamaza. Tukaenda sisi wawili, fungu kwa fungu, tukimwita jina lake polepole. Lile fungu la mwisho lilikuwa limeegemea ukingo wa shimo. Nikaona bua linatikisika. Nililala kwa tumbo, nikaingiza mkono, nikapata mguu mdogo, baridi, umelowa. Nikauvuta.

Hakulia. Alinitazama, akauliza:

"Kukhu, imelia mara nyingi sana. Nimekosa mangapi?"

Alikuwa amezihesabu zile kelele zote, mpaka hesabu zikamwishia.

Bado hajarudi shule. Sauti ya kijiko ikianguka, anashika nguo yangu. Ananishika mimi, niliyemtia hofu. Jioni nakaa kando yake, punje tano hapa, tano pale. Akisema zilizotawanywa ndizo nyingi, namwambia sawa.

Nyinyi mnaosoma, kama mnaogopa mtoto amechelewa, hiyo hofu ni yenu. Msimtwike.

Jioni ile tuliyompata niliita kila mtu wa boma langu, hata wafanyakazi. Nikawaambia: shimo lifukiwe kabla hatujala, diski itolewe kwenye nguzo ikazikwe humo, na kuanzia leo mtu akitakiwa hapa, aendewe alipo, aitwe kwa jina lake.