Mshono Usiopakwa Poda

Kila asubuhi Wanjugu alipotoka Kabiria kwenda Waithaka, mkono wake wa kulia ulitembea kwenye mageti ya watu. Hakubisha hodi wala hakusimama. Alipitisha tu kiganja pale vipande viwili vya chuma vilipounganishwa, kisha akaendelea na njia yake. Mbwa wa mtaa walikuwa wamekwisha kumzoea. Mageti mengi yalikuwa kazi ya baba yake, Macharia, na Wanjugu angeweza kuyatambua hata akiwa amefumba macho, kwa sababu mshono wa Macharia haukukwaruza. Mishono ya mafundi wengine ilikuwa na vinundu na meno, na ukipita karibu ilikushika sweta.

Macharia alikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma kando ya barabara. Binti yake alikulia humo, kwanza akishikilia vyuma visiyumbe, baadaye akichomelea mwenyewe. Somo la kibandani lilikuwa moja tu: ukimaliza kuunganisha, washa grainda, usugue mshono mpaka usionekane, ndipo upake rangi. Mteja akija hutazama kidogo, halafu hupapasa. Akikuta pamelainika, anatabasamu.

Lakini siku hizi kulikuwa na mafundi wa mageti kila kona, na kazi ya mtu mmoja iligombaniwa na watu wengi. Ndipo Wanjugu aliposikia habari za karakana ya Peres kule Waithaka. Peres, mama mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye visima vya mvuke huko Bonde la Ufa. Mvuke ule hutoka ardhini ukiwa na nguvu za kutisha, nao hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye mitambo ya umeme. Huko Peres alichoka kuona vijana wa kwao Dagoretti wakibeba mchanga na kuchimba mitaro, huku mabomba yakiunganishwa na watu wengine. Aliporudi nyumbani alikodi ua, akanunua mashine, akaanza kufundisha kuchomelea mabomba, na Wanjugu akajiunga.

Mafunzo yalipoisha, mkaguzi aitwaye Zachariah alikuja kuwapima. Atakayefaulu angeondoka na kikosi cha mabomba wiki iliyofuata. Atakayeshindwa angesubiri mpaka kikosi kingine kihitaji watu, na hakuna aliyejua hiyo itakuwa lini. Wanjugu alikuwa hajamwambia mtu yeyote jinsi alivyoitaka nafasi hiyo, isipokuwa baba yake. Macharia akasema, "Nenda. Vyuma nitashikilia mwenyewe."

Zachariah alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kila mwanafunzi alipewa vipande viwili vya bomba aviunganishe. Mzee angeutazama mshono kwanza. Jicho lake likiridhika, angekata vipande vyembamba pale pale kwenye mshono na kuvikunja kwa mashine mpaka vipinde kama chuma cha kwato ya farasi. Hata kimoja kikipasuka, umeshindwa.

Wanjugu aliitwa wa pili, baada ya kijana mmoja mcheshi aitwaye Dan, ambaye alikuwa amefaulu na sasa alikuwa haambiliki.

"Wanju, usiogope," Dan alisema. "Ukishindwa nitakuandika kazi. Utanibebea begi."

"Beba mdomo wako kwanza," Wanjugu akamjibu, akateremsha kinyago cha kuchomelea.

Moto ukashika. Mkono wake ulikwenda bila haraka, ukizunguka bomba kama mtu anayeshona pindo la nguo. Peres, aliyesimama nyuma yake, aliacha hata kukohoa. Wanjugu alipomaliza, aligonga lile ganda jeusi linalobaki juu ya mshono, akapiga brashi. Na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameokota grainda. Cheche ziliruka. Peres alipiga kelele, lakini grainda haisikii kelele za mtu. Ilipozimwa, mshono ulikuwa umetoweka, na bomba liling'aa.

Zachariah alikuja polepole, akapitisha kidole.

"Umefanya kazi wapi wewe?"

"Kwa baba yangu, mzee. Mageti."

"Nilijua." Akavua kofia, akaivaa tena. "Msichana wangu, huu umepakwa poda. Mimi nimekuja kuona uso. Umelainisha hapa, nitajuaje kama chini kuna shimo? Tena umepunguza chuma mahali ambapo mvuke utasukuma zaidi. Huko kwetu bomba halipapaswi na mteja. Hili silikunji. Nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa Anita, msichana wa Riruta aliyeongea kwa nadra sana, na sasa alikuwa ameshika glavu zake asijue azivae au azirudishe mfukoni.

Wanjugu alimwendea Peres, macho yakimwuma. "Madam, niombee. Unaijua kazi yangu."

"Naijua," Peres alisema. "Lakini sitakuombea. Huko unakotaka kwenda nitakuwa nakuombea kila siku? Mzee ni huyo hapo, na hajawahi kumla mtu."

Zachariah alikuwa ameketi akinywa chai kabla ya kuendelea. Wanjugu alisimama mbele yake, akatazama viatu vyake, kisha akajilazimisha kumtazama usoni.

"Mzee, mshono wangu bado hujauona."

"Si umeuficha mwenyewe?"

"Ndiyo. Nimeuficha. Naomba niutengeneze mwingine, uuone."

Mzee alikunywa chai taratibu. "Peres, kuna bomba limebaki?"

"Lipo."

"Haya basi. Lakini akigusa hilo dude linalonguruma, mimi narudi zangu visimani Naivasha."

Wanjugu alidhani Peres angeiondoa grainda. Hakuiondoa. Aliiacha pale pale kando ya meza, waya wake ukiwa kwenye umeme. Dan alifungua mdomo atanie, Peres akamtazama, akaufunga.

Safari hii alipunguza mwendo alipofika chini ya bomba, mahali pagumu. Alipomaliza aligonga ganda, akapiga brashi, akarudi nyuma. Mshono ulikuwa na mawimbi madogo madogo yaliyofuatana, na kwake yeye ulionekana kama mtu aliyetoka kitandani akaingia kanisani bila kuchana nywele. Aliona aibu. Aliweka mikono kwapani, akaibana.

Zachariah aliinama. Alitazama juu, akatazama pembeni, akapiga goti atazame chini. Kisha akakata vipande vyake na kuviweka kwenye mashine. Chuma kilianza kupinda. Wanjugu alisikia kila mlio wake, akingoja ule mmoja aliouogopa, wa chuma kupasuka. Haukuja. Mzee alikitoa cha kwanza, kikiwa kimekunjika kama chuma cha kwato, akakigeuzageuza juani. Akakunja cha pili, na cha tatu, na cha nne.

"Beba sweta nzito," alisema hatimaye. "Kule asubuhi kuna baridi."

Peres alipiga kigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Dan alishika kichwa. "Sasa begi langu nani atabeba?"

Wanjugu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na kimoja cha vile vipande vilivyokunjwa mkononi. Anita alikuja akachuchumaa kando yake, glavu tayari mikononi, maana sasa ilikuwa zamu yake. Baba yake Anita naye alikuwa fundi wa mageti. Alikitazama kile kipande, akauliza kwa sauti ya chini mzee asisikie:

"Sasa hutamani tena kuulainisha mshono?"

"Natamani," Wanjugu akasema.